Moshi/Arusha: kuna kikundi cha watu wanaoacha pombe? Natafuta wenzangu

Fundi Randa

Habari za jioni wakuu. Mimi ni fundi seremala, niko Moshi mjini, nina miaka 39, mke mmoja na watoto wawili. Naandika hapa kwa sababu hapa hamnijui sura, huko mtaani siwezi kulisema hili nikaeleweka.

Pombe nimeanza kuinywa kijana, ila kunywa kwa kushindwa kulianza enzi za viroba, zile pombe kali za kwenye vipaketi vidogo. Unanunua viwili unatia mfuko wa shati, kimoja kabla hujagusa msumeno, kingine saa nne. Serikali ilipopiga marufuku viroba Machi 2017 nilifurahi kweli, nikamwambia mke wangu sasa hii ndo nafasi yangu, kumbe wapi, nikahamia kwenye chupa ndogo na hela ikikata naenda kwenye gongo, ile pombe kali ya kienyeji. Mbege, pombe yetu ya ndizi, hata sikuwa naihesabu maana kwetu mbege ni sehemu ya kila kitu, msiba mbege, mahari mbege, kusuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba mbege.

Kilichonileta hapa ni cha wiki iliyopita. Nilikuwa na oda ya kitanda sita kwa sita, mteja ameshalipa nusu. Asubuhi ile nilikuwa sijazimua, yaani sijapata ile pombe ya asubuhi ya kutuliza mwili. Nimeshika futi, nimeshika penseli, mkono unacheza, mstari unatoka kama njia ya siafu. Mwanangu wa miaka 11 alikuwa likizo, alikuja karakana kuniletea chai, akasimama akaangalia kidogo, halafu akaichukua ile penseli mkononi mwangu akasema baba wewe shika futi mimi nichore. Hakuniuliza kitu chochote. Akachora, mstari umenyooka. Nilienda nyuma kwenye mbao nikalia.

Nishajaribu kuacha mara tatu peke yangu. Mara ya mwisho nilifika siku mbili, usiku wa pili jasho mpaka godoro limelowa, naona wadudu wanapanda ukutani na mke wangu anasema baba fulani mbona hakuna kitu, nikaogopa nakufa, saa kumi alfajiri nikatoka kwenda kugonga mlango wa mama muuza.

Kwenye maombi nimepelekwa na nashukuru sana walioniombea, ila nikitoka pale nawakuta walewale wa kijiweni. Soba hausi, zile nyumba za kukaa ndani mpaka uache, nimeulizia wakaniambia miezi minne mpaka sita unakaa ndani, sasa nikifunga karakana miezi sita hawa watoto watakula nini. Ninachotafuta mimi ni watu. Watu waliopita nilipopita, nikae nao saa moja jioni mara moja au mbili kwa wiki, nisikie wao walifanyaje. AA (Alcoholics Anonymous), vile vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha, nimeiona kwenye sinema za Wazungu tu. Je huku kwetu ipo? Wanatoza hela? Lazima utaje jina? Na Desemba hiyo inakuja, watu wanarudi nyumbani kijijini, sisi tunaita kuhesabiwa, kila boma litakuwa limepika mbege, nitapitaje pale.

Naombeni msaada wenu ndugu zangu.

Mtoto wa Kibosho

Pole mangi. Kuna dawa ya unga, haina harufu haina ladha, shemeji yangu aliwekewa kwenye mchuzi bila kujua na pombe akaichukia kabisa. Mwambie wife aje inbox nimpe namba ya mzee anayeuza.

Sista Zamu

Mtoto wa Kibosho najua umeandika kwa nia njema, ila naomba huo unga msimpe mtu. Mimi ni nesi, nimeshapokea mgonjwa wa namna hiyo usiku. Ipo dawa ya kweli ya hospitali inayofanya mwili ukatae pombe, inaitwa disulfiram, lakini mgonjwa anaimeza kwa hiari yake akijua, ameshapimwa moyo na ini na ameshaelezwa kwamba akinywa pombe juu yake atatapika, uso utawaka, moyo utaenda mbio na presha inaweza kushuka mpaka akafa. Sasa mtu ambaye hajui amewekewa nini anatoka zake anaenda kunywa kama kawaida. Na hiyo ya mtaani hata huyo mzee mwenyewe hajui ndani mna nini.

Kaka Fundi, pole sana, na asante kwa kusema ukweli wote maana hapo kwenye wadudu ukutani ndipo nilipokaa vizuri kwenye kiti. Hiyo haikuwa woga wako wala si mapepo. Ubongo uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla unaruka. Kutetemeka na jasho huanza ndani ya siku ya kwanza, saa sita tu zinatosha kwa mwingine. Degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo. Kuchanganyikiwa, kuona vitu, homa, hiyo ni kuanzia siku ya pili mpaka ya nne, na hiyo inaua. Heroini arosto yake, yaani yale mateso ya kuikosa, inatesa vibaya mno lakini kwa kawaida haimuui mtu mzima mwenye afya, ya pombe inaweza kukuua, na watu wengi hawalijui hili wanamfungia mtu chumbani "mpaka itoke".

Kwa hiyo kabla ya kikundi, hospitali. Usiache tena peke yako nyumbani. Hapo Moshi una Mawenzi ambayo ni ya rufaa ya mkoa, una hospitali ya KCMC, ulizia kliniki ya afya ya akili. Utapewa dawa ya kutuliza, mara nyingi ni diazepam, kwa dozi inayopunguzwa siku hadi siku, na vitamini B1 kwa sindano kwa sababu mnywaji wa muda mrefu huwa amepungukiwa nayo na ikikosekana kumbukumbu inaharibika moja kwa moja. Hizo diazepam usijinunulie duka la dawa ukachanganya na pombe, pumzi itakata ukiwa usingizini. Na ukifika mbele ya daktari taja kiasi chote unachokunywa, gongo na mbege vyote, usipunguze kwa aibu, maana dozi inapangwa kwa hicho utakachosema.

Fundi Randa

Sista asante sana. Nikuulize kitu, nikienda hiyo kliniki ya akili si wataniandika kichaa? Wateja wangu wengi wako hapa hapa mjini.

Sista Zamu

Hapana kaka yangu. Pale anakuja mwalimu asiyelala, mama aliyejifungua akaingiwa na huzuni, mwenye kifafa. Unakaa kwenye benchi kama wagonjwa wengine. Faili lako ni siri, sisi tunafukuzwa kazi kwa kulitoa. Kama bado unasita, mwambie mkeo asindikize, yeye ndo aeleze ule usiku wa wadudu kwa sababu wewe mwenyewe mengi huyakumbuki.

Leo Tu

Mdogo wangu Fundi, mimi niko Arusha, nina miaka 52 na sijaonja pombe tangu 2016. Nilikuwa dereva wa lori, nilishapoteza leseni, nyumba na mama watoto, kwa mpangilio huo.

AA ipo. Ni watu wanakaa kwenye viti. Huku kwetu makundi ni machache, mengi yako miji mikubwa na mengine yalianzishwa na wageni kwa hiyo unaweza kukuta wanaongea Kiingereza, usikimbie, kaa, na wewe ukiongea Kiswahili watakusikiliza. Ipo programu ya simu ya AA inaitwa Meeting Guide, unaipakua bure inakuonyesha mikutano iliyo karibu na ile ya mtandaoni. Kabla hujatoka nyumbani hakikisha kwanza kama bado upo, kundi dogo linaweza kuhama ukumbi, nilishawahi kufika mahali nikakuta kufuli na ile jioni ilikuwa mbaya kwangu, nilipita baa tatu nikirudi.

Maswali yako. Hela hakuna, kinapitishwa kikapu mwenye mia tano anatia ya chai na ya ukumbi, asiye nacho anapitisha, mtu akikudai ada ya kujiunga jua hiyo siyo AA. Jina unataja la kwanza tu na hata hilo ukipenda ndo unataja. Kujiunga sharti ni moja, uwe unataka kuacha kunywa. Hakuna fomu, hakuna daftari la mahudhurio. Ipo mikutano ya wazi, hata mkeo anaweza kuingia, na ipo ya wenyewe tu. Utasikia habari ya hatua 12 na utasikia Mungu akitajwa, "kama kila mmoja anavyomwelewa", mimi ni Mlutheri, aliyenishika mkono mpaka nikasimama ni mzee Mwislamu, hatukuwahi kugombana. Huyo anayekushika mkono tunamwita sponsa, ni mtu aliyekutangulia, unampigia saa yoyote ukiona unataka kunywa. Unampigia KABLA. Ukishakunywa mpigie pia.

Mkutano wangu wa kwanza walikuwa watu sita, viti vya plastiki, chupa ya chai ya maziwa na mkate umekatwa. Mmoja akasema jina lake, akasema mimi ni mlevi, akasimulia jinsi alivyokuwa anaficha chupa kwenye tenki la choo. Mdogo wangu, mimi nilikuwa naficha palepale. Kwenye tenki la choo. Miaka yote nilijua duniani ni mimi peke yangu. Nilikaa mwisho karibu na mlango ili nitoroke na sikutoroka.

Sasa nikwambie kilichonifanya niandike urefu wote huu, ni mikono yako. Hii AA ilianza 1935 mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Bill Wilson, mtu wa mambo ya hisa kutoka New York, alikuwa na miezi michache tu hajanywa, amesafiri kwa biashara, biashara imevunjika, amesimama hotelini anasikia kelele za baa. Akajua akiingia pale kwisha. Akaenda kwenye simu akaanza kupigia watu wa makanisa akiomba wamtafutie mlevi mwenzie wa kuongea naye. Elewa hapo, hakuomba daktari wala mchungaji, aliomba mlevi. Wakamuunganisha na Dr. Bob Smith, daktari wa upasuaji ambaye mikono yake ilikuwa inatetemeka hivyohivyo kama ya kwako, na yeye kazi yake ni kisu. Dr. Bob alisema nampa dakika 15 tu. Wakakaa zaidi ya saa sita. Baadaye alianguka tena mara moja, na asubuhi moja ya Juni Bill akampa bia moja ili mikono itulie akafanye upasuaji. Ndo ilikuwa pombe yake ya mwisho, wanaihesabu tarehe 10 Juni 1935, na hiyo ndo siku ya kuzaliwa AA. Bia hiyo usiichukue kama dawa, wewe fuata ya Sista Zamu.

Ninachokwambia ni kwamba kundi la kwanza kabisa lilianza na watu wawili tu. Kwa hiyo ukikosa kikundi Moshi, tafuta mmoja.

Mama Eliya

Nimesoma kwa machozi. Mume wangu ana mwaka wa tatu hanywi. Naomba niongee na mke wa Fundi kama anasoma hapa: dada, hata na wewe unahitaji watu. Mimi nilikuwa nanusa shuka, napekua mifuko, nahesabu hela kwenye koti usiku, nampigia bosi wake kudanganya kwamba ana malaria. Alipoacha kunywa mimi bado nikawa nanusa, siwezi kuacha, ananiangalia tu. Yapo makundi ya ndugu wa walevi, yanaitwa Al-Anon, mke wa huyo Bill, Lois, ndiye alikuwa mmoja wa walioanzisha 1951. Mimi sikulipata karibu, nilianza na wamama wawili wa jumuiya, tunakaa Alhamisi baada ya sala. Hatuwasengenyi wanaume. Tunaulizana umelala? umekula? Na yule mtoto aliyeshika penseli muongeleshe dada, usimwache na kimya, watoto wanadhani ni wao wamekosea.

Kamau wa Rongai

Pole sana ndugu. Huku Nairobi mikutano ni mingi, karibu kila siku iko mahali, na mingine iko Zoom kwa hivyo hata ukiwa Moshi unaweza ingia, bora uwe na bando. Mimi nilianza nayo hivyo, kamera nimezima mwezi mzima, nasikiza tu, hakuna mtu alinisukuma niongee. Kwa Wakenya wanaosoma hii, laini ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ni 1192, ni bure, mchana na usiku, utaongea na mshauri.

Leo Tu

Kwa sisi Tanzania kuna 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, bure pia. Ukifikia mahali unataka nyumba ya upataji nafuu, ndo hizo soba hausi, waulize wao ipi imesajiliwa, maana kuna nyingine ni mtu amekodi nyumba akaweka geti. Niliwahi kukaa moja, sitaitaja, tulikuwa tunafungwa mnyororo mguuni tukianza kutetemeka na hakuna hata nesi. Mwenzetu mmoja alipata degedege sakafuni mbele yetu. Kabla hujaingia uliza kuna nani wa afya, na uliza kama ndugu wanaruhusiwa kukuona.

Mzenji Mstaarabu

Asalaam aleikum. Hapa Unguja soba hausi zipo zaidi ya miaka 10, nyingi ni za vijana wa unga, yaani heroini, lakini mlevi nae anapokelewa, na hizo hatua 12 ndo zinazofuatwa. Mie nilikaa nikatoka. Nataka kumuambia Fundi kitu kuhusu huo usiri, kwetu sie Waislamu pombe ni haramu kwa hiyo mlevi hana hata pa kusema, anakunywa kwa siri, anaumwa kwa siri. Kilichonisaidia si kukaa ndani ile miezi, ndani ni rahisi, hakuna chupa. Kilichonisaidia ni wale tulotoka pamoja, mpaka leo kila baada ya isha tunapita kibarazani kwa mwenzetu, anakohoa anajulikana, asipokuja tunamfuata nyumbani.

Leo Tu

Fundi nilisahau Desemba. Najua kata ya mbege, kile kibuyu cha kunywea kwa zamu, ikikufikia kuikataa ni tusi, na mzee aliyeipokea kwanza anakuangalia. Fanya hivi: wiki moja kabla nenda kwa mzee wa boma, beba sukari kilo mbili, kaa naye chini, mwambie baba mimi niko kwenye dozi, daktari amenikataza, naomba unilinde mbele za watu. Mzee ukimheshimu namna hiyo yeye mwenyewe ndo atasema huyu mwacheni. Mimi kata ikifika naipokea kwa mikono miwili, naipitisha kwa wa pembeni, naendelea na stori. Na usilale huko mwaka huu wa kwanza. Fika, salimia, zika au cheza ngoma, rudi mjini kabla giza halijaingia. Wakikasirika watakasirika, Krismasi nyingine ipo.

Siku ya 41

Nimefungua akaunti leo kwa ajili ya uzi huu tu. Fundi, mimi niko Pasua, hapo hapo Moshi. Nafanya kazi ya bomba. Nina siku 41, nilipita Mawenzi wakanishusha vizuri kama alivyosema sista. Lakini tangu nitoke niko peke yangu, jioni kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu ndo vita yangu, nazunguka na baiskeli mtaa mpaka mtaa ili nisikae. Sijui kuendesha mkutano wala sijui hizo hatua. Lakini kukaa najua. Ukitoka hospitali niambie.

Fundi Randa

Nitakuja inbox sasa hivi.

Fundi Randa (wiki tatu baadaye)

Wakuu nimerudi kutoa mrejesho maana mliniandikia kama ndugu.

Nilienda Jumatatu iliyofuata na mke wangu. Nililazwa siku tano. Siku ya pili ilikuwa ngumu lakini wadudu hawakuja, nilitoka jasho tu na kulala. Daktari aliniuliza maswali kumi kutoka kwenye karatasi, kila jibu lina alama, nilipofika la saba akaniambia usiogope endelea. Mama Eliya, mke wangu alikusoma, siku ile aliosha vyombo kimya mpaka usiku halafu akaniambia na mimi nilikuwa nanusa shuka.

Jumamosi ya kwanza nilikutana na Siku ya 41. Tulikaa karakana kwangu, nikafunga mlango nusu. Mwanzo tuliongelea bei ya mbao na bei ya koki karibu saa nzima, kila mmoja anamwogopa mwenzie. Halafu yeye akaanza, akasimulia siku aliyomwangusha mwanae akiwa amembeba. Mimi nikasimulia penseli. Kaka Leo Tu alitupigia simu tukaweka spika juu ya meza ya kazi.

Jumamosi ya pili tulikuwa watatu, yule wa tatu ni mtu ambaye nimekunywa naye miaka, aliona mlango umefungwa nusu akadhani tunakunywa humo ndani, akaingia. Hakutoka. Alikuwa ananuka pombe tukamwacha akae.

Sina mengi ya kujisifia, nina siku 19, na jana jioni nilisimama nje kwa mama muuza dakika nzima kabla sijampigia kaka wa Arusha. Ila kwa aliye Moshi na anasoma hii kimya kimya: ni Jumamosi saa kumi na mbili jioni, njoo inbox nikuelekeze. Nimetengeneza mabenchi mawili, mistari nilipima mwenyewe. Chai ipo.